Nukta Mbili za Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nne asubuhi, na Kaka akaingia nayo ofisini. Sikuwa nimemwona tangu upasuaji wake, miezi saba sasa. Amekonda hadi kola ya shati inamzunguka shingo bila kuigusa. Chini ya kola kuna kitambaa cheupe kinachofunika tundu analopumulia. Uvimbe waliutoa pamoja na sauti yote. Mtu aliyefundisha miaka thelathini, akisikika kutoka darasani hadi barabarani, sasa anazungumza kwa daftari la shule na kalamu aliyoifunga uzi isipotee.

Aliweka mezani furushi la karatasi lililovalishwa mifuko miwili ya plastiki, akaandika: "Riwaya. Ihariri wewe, si mwingine."

Nikamwambia, "Kaka, si ungenipigia simu nikaja kuichukua?"

Akaandika: "Kwa sauti gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe anacheka. Kicheko chake siku hizi ni mabega tu.

Jumanne, 5 Machi

Kurasa mia mbili na kumi na mbili, mwandiko wa mwalimu, kila herufi imesimama wima. Nukta mbili zimejaa kama mchwa. Anaziweka mahali ambapo wengine huweka koma, au nukta, au hawaweki kitu. "Akafungua mlango: hapakuwa na mtu." "Alikuwa na kosa moja: alijua kusubiri." Nimehesabu mia nne na ushee.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi wetu tunamwita Mkasi. Anajua, na nadhani anajivunia. Amesoma sura mbili za Kaka, akaja mezani kwangu na miwani utosini.

"Kitabu kipo," alisema. "Huyu mzee anaandika. Lakini hizi nukta mbili ziondoke. Hii ni riwaya au orodha ya mahitaji? Nikiona nukta mbili nategemea sabuni, chumvi, viberiti."

Nilicheka. Nilikubaliana naye, tena bila kujilazimisha. Tumepewa nafasi kwa mpiga chapa mwisho wa Mei.

Jumapili, 10 Machi

Niandike jambo hili mara moja nilimalize. Mimi na Kaka hatujagombana kwa maneno hata siku moja. Miaka kumi na tisa iliyopita Mama aliugua siku tatu tu, msimu kama huu wa mvua. Mimi nilikuwa chuoni, safari ya nusu siku kwa basi, nafanya mtihani wa mwisho. Kaka hakuniita. Nilimaliza mtihani Ijumaa, Jumamosi nikafika nyumbani, nikakuta watu wanapakia viti vya kukodi kwenye gari. Mama alikuwa amezikwa jana yake. Kaka alinipokea mkoba, akaniambia, "Ulikuwa na mtihani." Hakuongeza neno.

Tangu hapo tunasalimiana vizuri, tunatembeleana kwenye misiba ya watu wengine, tunaulizana afya. Ndiyo yote.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Nimeondoa nukta mbili tisini.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Sabini na nne.

Jumatano, 13 Machi

Dari la ofisi linavuja juu ya kabati la kamusi. Tumezihamishia kamusi chooni, sehemu pekee iliyo kavu. Sitini na moja.

Jumamosi, 16 Machi

Nimempelekea Kaka nusu ya kwanza aone marekebisho. Wifi alinifungulia, mikono ina unga, akanipa kiwiko nikishike badala ya mkono.

Kaka alisoma kurasa tano, wa sita akaufunika. Alivuta daftari.

"Daktari alitoa nusu ya sauti yangu. Wewe umemalizia."

Nikajitetea. Nikasema ni utaratibu wa nyumba, nukta mbili zinamkwaza msomaji wa hadithi, zinafaa barua za ofisi. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa, kama alivyokuwa akiwafanyia wanafunzi watoro. Kisha akaandika, polepole, maana mkono unamchoka:

"Nukta inasema nimemaliza. Koma inasema vuta pumzi. Nukta mbili inasema: njoo uone. Mimi siwezi tena kumwita mtu, mdogo wangu."

Wifi alileta uji. Kaka akaandika neno moja, "Dirisha:", akapumzisha mkono. Wifi akasimama pale pale na trei yake, hana haraka, hadi Kaka alipopata nguvu za kumalizia: "lifunge, mvua inamlowesha mgeni."

Wifi aliponisindikiza nilimuuliza alijuaje kwamba bado kuna neno.

"Si ameweka vile vidoa viwili?" alisema Wifi. "Akiweka vidoa viwili, nangoja. Akiweka kimoja, naenda zangu jikoni. Wifi, mimi shule niliishia njiani, lakini mume wangu ninamsoma."

Jumatatu, 18 Machi

Nimeanza kuzirudisha. Moja moja, kwa kalamu ya kijani.

Jumanne, 19 Machi

Mkasi ameona. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Nilimweleza habari ya dirisha. Akasema, "Sawa. Kila moja utakayobakiza uje uitetee mbele yangu." Tumekaa saa tatu juu ya sura ya kwanza tukibishana kama wauza nguo. Nimeshinda ishirini na sita, ameshinda tisa. Mbili kati ya zile tisa, kwa kweli, zilistahili kufa.

Jumamosi, 23 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimefika ukurasa wa mia moja na arobaini. Riwaya inahusu kijana fundi saa na mama yake, na nilidhani naijua inakokwenda. Kumbe sura ya kumi na moja ni chumba cha Mama. Kitanda ni kile kile chenye mguu uliofungwa waya. Mvua iko juu ya bati. Mama wa kwenye kitabu anaumwa, binti yake yuko chuoni, na kijana ameinama karibu na mlango. Halafu inakuja sentensi hii:

Mama akasema mwite hapana ana mtihani

Hivyo hivyo. Haina koma, haina nukta, haina hata alama za kunukuu. Katika kurasa mia mbili na kumi na mbili za mtu asiyeacha hata kistari kipotee, sentensi hii pekee iko uchi.

Mwanzo nilidhani amepitiwa. Nikachukua kalamu nimsaidie, kama ninavyowasaidia waandishi wote. Kalamu ikagoma.

"Mwite. Hapana, ana mtihani." Hapo Mama ananitaka, kisha anajizuia.

"Mwite? Hapana! Ana mtihani." Hapo wala hanitaki; anashangaa hata kuulizwa.

"Mwite! Hapana 'ana mtihani'." Hapo ananitaka kweli kweli, na hataki kusikia kisingizio cha mtu.

Maneno ni yale yale manne. Mama watatu.

Mkasi alipita akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, nikarudi nyumbani.

Jumapili, 24 Machi

Sikutoka. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu, nayo hayakauki.

Jumatano, 27 Machi

Nimekuwa na hasira siku nne. Nimejiambia: ameandika hivi ajisafishe. Amemtia Mama maneno mdomoni ili kosa liwe la marehemu. Kila nikifika hapo naisikia sauti yake siku ile ya viti, "Ulikuwa na mtihani," na damu inanipanda upya.

Jumamosi, 30 Machi

Nilikwenda. Wifi alikuwa sokoni. Nilimkuta Kaka barazani amejifunika blanketi, nikaweka ukurasa mapajani pake, kidole juu ya mstari.

"Kaka, hii nini?"

Alitazama, kisha akaangalia mvua.

"Nijibu. Mama alisema hivi kweli, au umetunga?"

Akaandika: "Alisema."

"Basi mbona hujaweka alama? Unajua kuweka alama kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alisema niitwe au nisiitwe?"

Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu, wino ukafanya doa. Halafu akaandika ukurasa mzima, akipumzika kila mstari, na kila alipopumzika nilisikia pumzi ikipiga filimbi chini ya kitambaa. Nimelichomoa karatasi lile daftarini kwa ruhusa yake, ninalo hapa. Nalinakili kama lilivyo.

"Nilikuwa nimempa mgongo: nimeinama. Mvua ilikuwa inapiga bati kama mawe. Nilisikia: mwite. Nilisikia: hapana. Nilisikia: ana mtihani. Sikusikia vilivyo katikati. Nilipogeuka alikuwa amefumba macho, na hakusema tena neno la maana hadi alipokata roho asubuhi. Duka lenye simu lilikuwa linafungwa. Nilichagua ile iliyokuwa nyepesi: kwamba alisema usiitwe. Nilikwambia ulikuwa na mtihani kwa sababu ndiyo maneno yake niliyokuwa na hakika nayo. Tangu siku ile naweka alama, naondoa. Nimeandika kitabu kizima nifike kwenye sentensi moja: na nilipofika nikashindwa."

Chini kabisa: "Samahani."

Nukta moja. Alikuwa amemaliza.

Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa lile tundu shingoni. Nikamshika magoti. Tumekaa hivyo, watu wazima wawili wenye mvi, hadi Wifi aliporudi na kapu kichwani akatukuta tumelowa machozi na manyunyu. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Ingieni ndani, mtaugua wote nikose wa kunichotea maji."

Kumi na tisa. Miaka kumi na tisa nimemchukia mtu kwa sababu ya kelele za bati.

Jumanne, 2 Aprili

Mkasi: sentensi ile haiwezi kwenda hivyo. Msomaji atadhani ni kosa la mpiga chapa, na mpiga chapa atadhani ni kosa letu. Nimemwomba anipe muda.

Jumamosi, 6 Aprili

Kaka amelazwa. Wifi amepiga simu saa moja asubuhi.

Jumanne, 9 Aprili

Daktari ni mdada mdogo, anaongea huku akipanga kalamu zake mfukoni. Ugonjwa umerudi, uko kwenye mapafu. Nilimuuliza ni muda gani. Alisema, "Mleteeni anachokipenda." Jibu la namna hiyo alifundishwa na nani, sijui, lakini nilimshukuru. Tumempelekea kitabu chake.

Alhamisi, 11 Aprili

Wodi ina vitanda kumi na viwili na dirisha moja lisilofunga. Kila jioni tunasahihisha kurasa tano. Ninamsomea, nikitaja na alama: "Akainuka koma akachukua kofia nukta." Mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa lori aliyevunjika nyonga, anafuatilia hadithi. Leo aliniuliza, "Dada, huyo Koma ni nani? Kila mahali yumo." Mabega ya Kaka yalicheka hadi muuguzi akaja kutukemea.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo hakutaka kusomewa. Alikuwa na daftari kifuani. Ndani ameandika sentensi ile mara nyingi, ukurasa baada ya ukurasa, kila mara na alama tofauti, mwandiko ukizidi kulegea. Nyingine ina nukta mbili baada ya "mwite". Nyingine baada ya "hapana". Nyingine ina alama ya mshangao kubwa, imekatwa kwa mistari miwili.

Nikamwambia, "Kaka, acha. Iache. Mimi sina kinyongo tena."

Alinitazama kwa jicho la mwalimu. Akafungua ukurasa mpya, akaandika, na herufi hazikusimama tena wima: "Mhariri ni wewe:"

Nikasubiri. Wifi naye akasubiri, chupa ya chai mkononi. Mkono wa Kaka ukateleza, akalala.

Jumatano, 17 Aprili

Kaka amefariki leo saa mbili asubuhi. Nilikuwa njiani.

Ijumaa, 19 Aprili

Tumemzika. Hakukunyesha.

Wanafunzi wake walikuja wengi, wengine wana vitambi na wajukuu. Mmoja alisimama akasema marehemu alimchapa kwa sababu ya koma. Watu wakacheka, kisha wakalia. Safari hii nilikuwepo wakati viti vinapangwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimerudi kazini juzi. Mkasi amezipitisha nukta mbili zote zilizobaki bila kunidai utetezi. Alikuja, akaweka furushi mezani, akasema, "Nimezisoma kwa sauti chumbani. Mke wangu alikuja kuuliza naongea na nani." Kisha akavua miwani. "Lakini ule ukurasa wa mia moja na arobaini, dada, uamuzi unahitajika. Chochote utakachoweka sitakigusa."

Chochote nitakachoweka. Nikiweka Mama aliyenitaka, ninamhukumu Kaka kaburini. Nikiweka Mama asiyenitaka, najihukumu mimi.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Sikuandika kitu, sikusahihisha kitu.

Jumamosi, 4 Mei

Nilikwenda kumsaidia Wifi kupanga nguo za marehemu. Tulikaa sakafuni, mashati upande huu, suruali upande ule. Wifi alikuwa anakunja soksi. Akaokota kiatu cha kamba, cheusi, cha zamani, akakigeuza geuza.

"Yeye na viatu vya kamba," alisema. "Hata siku ile ya Mama, Mama anasema mwite, yeye badala ya kutoka na ndala tu, ameinama anafunga kamba."

Nilimwambia arudie.

"Nirudie nini?"

"Wifi, wewe ulikuwemo chumbani?"

Alinishangaa. "Ningekuwa wapi? Nilikuwa na miezi miwili tu katika nyumba ile, bibi harusi. Nilikuwa nimekaa kitandani miguuni pake, namkanda nyayo."

Nilimwomba anieleze yote, asiruke kitu. Aliweka kiatu chini. Anaeleza kama anavyosubiri, hana haraka.

"Mama alisema, 'Mwite.' Taratibu tu, kama mtu anayeomba maji. Mume wangu alikuwa ameshainama mlangoni, anavaa viatu aende dukani kwenye simu. Alipokuwa anafunga cha kwanza, Mama alikuwa anaangalia dari. Ametulia kabisa. Nilidhani amelala. Alipofika cha pili, akasema, 'Hapana.' Akaupunga mkono hivi, kama anafukuza nzi. Halafu akanitazama mimi, akatabasamu, akasema, 'Ana mtihani.' Wifi, alilitamka hilo neno mtihani kama anataja jina la mjukuu. Halafu akafumba macho. Mume wangu akavua viatu."

"Kwa hiyo aliniita."

"Alikuita. Halafu akakuachia uende. Yote mawili."

Nililia hadi nikashindwa kushika shati. Nilipoweza kusema nilimuuliza, kwa ukali nisioukusudia, kwa nini hakusema miaka yote hii. Kaka amekufa akiitafuta nukta ile kwa kalamu, na nukta yenyewe ilikuwa jikoni kwake inampikia uji.

Wifi naye akapandisha sauti, mara ya kwanza kumsikia hivyo. "Kusema kwa nani? Ninyi mlikuwa watoto wa mama mmoja mmenuniana, mimi wa kuja niingilie nimekuwa nani? Nilijua anajua! Alikuwemo chumbani! Hakuniuliza hata siku moja. Na kitabu chake hakunisomea. Aliniambia nitakisoma kikitoka." Akakiokota kiatu tena. "Wala wewe hukuniuliza. Ulikuja siku ile na ukurasa wako, mimi niko sokoni."

Ni kweli. Nimekaa na mwanamke huyu hospitalini jioni sita, nimekula chakula chake, nimempa chupa ya chai aishike, na haikunipitia akilini kwamba naye ana masikio.

Nilimwomba radhi. Alisema, "Kunja hayo mashati."

Jumanne, 7 Mei

Leo nimeweka alama. Nilitumia kalamu nyeusi, ya masahihisho ya mwisho.

Mama akasema: "Mwite."

Kisha nimeshuka mstari, na kuacha nafasi tupu, upana wa mtu kufunga kiatu kimoja.

"Hapana: ana mtihani."

Maneno ya Kaka sikuyaongeza wala kuyapunguza. Mkasi aliutazama ukurasa akiwa amesimama, akaurudisha mezani taratibu, akaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Jumatano, 15 Mei

Jua. Tumezirudisha kamusi kabatini.

Jumamosi, 25 Mei

Kurasa zimekwenda kwa mpiga chapa jana. Leo nimempelekea Wifi nakala ya sura ya kumi na moja. Anajua kusoma, lakini alitaka kusomewa, akasema macho yake siku hizi yanamwaga maji yenyewe. Tukakaa barazani. Nilisoma polepole. Nilipofika kwenye nafasi ile tupu nilinyamaza, na Wifi akanyamaza nami, mkono wake ukikanda goti lake mwenyewe bila kujua.

Nilimaliza sura.

"Ndivyo," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa. Mvua, ile waya ya kitanda, kila kitu amekiweka." Akachukua karatasi kutoka mikononi mwangu, akapitisha kidole mstari kwa mstari, juu hadi chini, akageuza upande wa pili, akarudi mwanzo. "Kuna mama, kuna kijana. Kuna binti aliye mbali." Akainua uso. "Wifi, mimi mbona simo?"

Ningeweza kusema hadithi si ushahidi, mwandishi huchagua. Ningeweza kusema alisahau. Kitabu kiko mashineni, mwenye kitabu yuko kaburini, na mhariri hana ruhusa ya kumwingiza mtu chumbani.

"Sijui, Wifi," nilisema.

Alizikunja zile karatasi mara nne kama shati, akazitia kifuani, akaenda jikoni kutazama moto.

Kitabuni sina uwezo. Daftari hili ni langu, basi naandika humu: siku ile mvua ilikuwa inapiga bati, Kaka ameinama mlangoni, na kitandani, miguuni pa Mama, alikuwepo mke wake wa miezi miwili, anamkanda nyayo, anasikia kila neno.